Fahamu neno "saltcellar": kwa nini kibakuli cha chumvi kinaitwa kama ghala?

Kwenye kamusi za Kiingereza kuna neno "saltcellar". Ni kile kibakuli kidogo cha chumvi kinachowekwa mezani ili kila mtu ajitilie mwenyewe. Kwa wengi wetu, kazi hiyo hufanywa na kopo au kisahani tu.

Sasa, "salt" ni chumvi. "Cellar" ni chumba cha chini ya nyumba cha kuhifadhia vitu kama mvinyo. Kibakuli cha mezani na chumba cha chini, wapi na wapi?

Jibu ni kwamba havihusiani kabisa.

Lilianzaje?

Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza. Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa kwa muda mrefu, na maneno mengi ya mezani yakaingia kwenye Kiingereza. Mojawapo ni "saler", yaani chombo cha chumvi. Asili yake ni neno la Kilatini "sal", chumvi. Mpaka leo Wafaransa hukiita chombo hicho "salière", na Waitaliano "saliera".

Lakini Mwingereza wa kawaida akisikia "saler" haoni chumvi humo ndani. Basi wakaongeza "salt" mbele yake, ikawa "salt saler". Kumbe wanasema "chombo cha chumvi cha chumvi"!

Halafu "saler" ikaanza kusikika kama "cellar", neno ambalo tayari walikuwa nalo. Watu wakaandika walichodhani wamesikia. Kosa la masikio likaingia kamusini, na halijatoka.

Tusiwacheke

Hata sisi tunafanya hivyo. Tunasema Ziwa Nyasa, wakati "nyasa" kwa Kiyao ni ziwa. Tunasema Jangwa la Sahara, na Sahara ni neno la Kiarabu lenye maana hiyo hiyo ya jangwa.

Hata kwenye simu yako yapo. Ukisema "namba ya PIN", ile herufi N tayari ni "namba" kwa Kiingereza. Yaani umetaja namba mara mbili, na bado kila mtu amekuelewa.

Ndivyo lugha inavyofanya. Neno la kigeni likishafichika maana, watu huliongezea neno wanalolijua ili waelewane.

Kwa hiyo kuwa makini unapotafsiri. Neno la Kiingereza likiwa na sehemu mbili, usilikate na kutafsiri kila kipande peke yake. Angalia kwanza neno zima linamaanisha nini. Ukilikata "saltcellar" utaandika "ghala la chumvi", na msomaji wako atabaki anashangaa ghala zima limewekwaje juu ya meza ya chakula.