Sokomutu, ngagi na bonobo: nyama wa pori anaweza kusikia uchungu wa roho?

Mu vijiji vilivyo karibu na misitu ya Kivu, inafikaka mutu anatokea barabarani na mutoto wa sokomutu, ule wengine wanaita shimpanze, amefungwa kamba mu kiuno ama amefichwa ndani ya kikapo. Anasema alimuokota tu. Anatafuta mununuzi. Wenye wanapita wanasimama, wanacheka kuona namna ile nyama kadogo anashika kidole cha mutu na anakataa kukiachilia. Na hapo hakukosake mutu mumoja mwenye anasikia huruma, anatoa feza, anamupeleka nyumbani ili amupe maziwa.

Ile huruma ni ya kweli. Lakini inaleta hasara kuliko faida. Ili kuelewa sababu, lazima kwanza kujua nini iko mu kichwa na mu roho ya ule mutoto. Zaidi ya miaka 60 sasa, wachunguzi wanafuata maisha ya hawa wanyama, na mambo mingi wamejifunza yametoka hapa kwetu, mu misitu ya Congo na ya inchi jirani.

Akili yenye inapanga kazi

Mwaka 1960, Muingereza mumoja kijana, Jane Goodall, alifika Gombe, ku Tanzania, ngambo ya Ziwa Tanganyika, upande wenye unatazamana na Congo yetu. Mwaka ule ule aliona sokomutu mumoja, mwenye alimupa jina la David Greybeard, amekaa mbele ya kichuguu. Alikuwa anaingiza kijiti ndani ya tundu, anangoja kidogo, kisha anakitoa kimejaa muchwa, anakula. Walionekana pia wengine wa jamii yake wakivunja katawi, wakitosha majani yote mbele ya kukatumia.

Ile habari ilishangaza wenye elimu wa ulimwengu. Wakati ule vitabu vilikuwa vinafundisha kama ni mutu peke yake mwenye anatengeneza chombo cha kazi. Lakini kutosha majani ku katawi mbele ya kufika ku kichuguu, ni kusema nyama alishafikiri kazi yenye anaenda kufanya.

Miaka 10 kisha, mu 1970, mutaalamu Gordon Gallup wa Marekani aliweka masokomutu mbele ya kioo. Mu siku za kwanza walikuwa wanatisha ile "nyama ingine" yenye walikuwa wanaona. Kisha siku chache, walianza kutumikisha kioo ili waone sehemu za mwili zenye hawawezi kuona wenyewe. Aliwapaka rangi ku uso wakati walikuwa wamelala na dawa. Kuamuka na kujiona mu kioo, walipeleka mukono ku ile alama ya rangi, lakini ku uso wao wenyewe, hapana ku kioo. Walijua: ule niko ni mimi.

Siku ya kifo

Kujua akili ni jambo moja. Roho ni jambo lingine. Watu wengi wanakubali kama nyama anaweza kuwa na mayele, lakini wanakatala kama anaweza kuomboleza.

Pale pale Gombe, mwaka 1972, mama mumoja muzee mwenye jina Flo alikufa ku mutoni. Mutoto wake wa mwisho, Flint, alikuwa na miaka 8 na nusu. Ku umri ule, sokomutu anaweza kujitafutia chakula yeye mwenyewe. Lakini Flint alikuwa ameshikamana sana na mama yake. Alirudi mara mingi ku fasi mama aliangukia, akaanza kukosa hamu ya kula, akajitenga na wengine. Kisha majuma karibu 3, na yeye alikufa.

Ku ngagi pia waliona mambo ya namna hiyo. Mwaka 2019, kundi la wachunguzi lilitangaza yale waliona kando ya maiti tatu za ngagi. Mbili zilikuwa ku Rwanda, mu mbuga ya Volkano: Titus, dume mukubwa wa miaka 35, na Tuck, jike wa miaka 38. Ya tatu ilikuwa hapa kwetu, mu mbuga ya Kahuzi-Biega, kwa wale ngagi wa Grauer, wenye hawapatikane inchi ingine yoyote ila Congo.

Titus kufa, kijana dume mumoja mwenye walikuwa wanaita Ihirwe alikaa karibu na maiti kwa siku mbili na alilala nayo mu kiota kimoja. Tuck kufa, mutoto wake Segasira alijaribu kunyonya ziwa la mama, na alikuwa ameshaacha kunyonya. Na mu Kahuzi-Biega, maiti ilikuwa ya dume mugeni, hapana wa ile familia. Hata hivyo ngagi walikaa kuizunguka, wanaitazama, wanainusa, wanaigusa, wengine wanailamba.

Wachunguzi wako na uangalifu mu maneno yao. Hawasemi kama ngagi anaelewa kifo sawa vile mutu anakielewa. Hakuna mwenye alimuuliza. Wanasema tu kile macho yao iliona: wanyama wenye wanashindwa kuondoka. Na walionya jambo moja: ile tabia ya kugusa maiti inaweza kupitisha magonjwa kama Ebola, yenye ilishaua ngagi wengi ku Congo-Brazzaville na ku Gabon. Watu wa Beni na Butembo hawahitaji kufafanuliwa zaidi. Kati ya 2018 na 2020 na wao waliombwa wasiguse maiti ya wapenzi wao, na wanajua namna ni nguvu kumuacha mutu wako bila kumugusa mara ya mwisho.

Mwenye alifarijiwa njo anafariji

Sasa turudie ku ule mutoto mwenye kamba mu kiuno.

Mutoto wa sokomutu ananyonya miaka 4 ama 5. Mu miezi ya kwanza hawachane na mwili wa mama, mchana na usiku. Njo maana anashika kidole cha mutu na hataki kukiachilia: hachezi. Anatafuta fasi ya kushikamana. Akikosa, kuko wenye wanaanza kujiyumbisha mbele na nyuma, saa mingi, ama kujing'oa nywele. Kuko wenye wanakufa, hata kama chakula kiko.

Uchunguzi mumoja wa maana juu ya ile jambo ulifanyika Kinshasa, ku Lola ya Bonobo, fasi Claudine André alianzisha ili kulea bonobo yatima. Bonobo ni ndugu wa karibu wa sokomutu, na mu dunia nzima wanaishi mu Congo tu, upande wa kusini wa muto Congo. Ku Lola, mutoto mwenye anafika anapewa mama mulezi, mwanamuke mwenye anamubeba, anamupa bibero, anacheza naye, siku yote.

Mwaka 2013, wachunguzi Zanna Clay na Frans de Waal walitangaza kile waliona kwa kufuata watoto bonobo pale. Walikuwa wanangoja wakati kunatokea ugomvi, kisha wanaandika nini inafuata. Nani analia muda murefu? Nani anatulia mbio? Na nani anaenda kukumbatia ule mwenye alipigwa?

Waliona mambo mawili. Ya kwanza: wale wenye walikomalia ku mama yao wa kuzaa walikuwa wanatulia mbio kuliko yatima. Ya pili: wale wenye wanajua kutuliza roho yao wenyewe njo walikuwa wanaenda zaidi kufariji wengine. Ku watoto wa mutu pia, wenye kuchunguza akili wamekuta jambo lenye linafanana na hilo. Mwenye roho yake inatetemeka bado hana nguvu ya kubeba uchungu wa mwingine.

Hiyo haimaanishe kama yatima amepotea. Yatima wa Lola pia wanafariji wenzao, hata kama ni mara chache kuliko wale wengine. Na tangu 2009, bonobo wa kwanza kutoka pale walirudishwa mu musitu, upande wa Basankusu. Malezi inaweza kutengeneza sehemu kubwa ya kile risasi ilivunja. Lakini inaomba miaka, na inaomba mikono mingi.

Watu wa Kivu wameona mufano wa ile kazi. Mwaka 2007, walinzi wa mbuga ya Virunga walikuta ngagi wa miezi miwili ameshikamana na maiti ya mama yake, mwenye watu wenye silaha walikuwa wameua. Walimupa jina Ndakasi. Usiku wa kwanza, mulinzi André Bauma alimushikiza ku kifua chake ili asikufe na baridi. Ndakasi aliishi miaka 14, sehemu kubwa ku kituo cha Senkwekwe, Rumangabo. Tarehe 26 mwezi wa 9, 2021, kisha ugonjwa wa muda murefu, alikufa amelalia ku kifua cha ule ule mutu.

Kwa nini kununua kwa huruma kunaua

Mama wa sokomutu hapeane mutoto wake. Mutoto mwenye anauzishwa, mama yake aliuawa, na mara mingi wengine wa familia waliuawa naye juu walikuja kumutetea. Kumbe "nilimuokota tu" ni nusu ya habari. Ile nusu ingine ilibaki mu musitu ama iliingia mu sufuria.

Mwenye ananunua kwa huruma anafikiri anaokoa mumoja. Lakini mwenye kuuzisha anajua jambo moja tu: mununuzi alipatikana. Atarudi mu musitu. Na mama wa sokomutu anazaa mara moja kwa miaka 5 hivi. Familia yenye inapoteza majike wawili inaweza kukaa miaka mingi bila kujaza pengo.

Kisha ule mutoto mwenye alinunuliwa atakomaa. Ku miaka 6 ama 7 ana nguvu ya kuuma na kuvunja, na nyumba haimuwezi tena. Njo vile mingi inamalizikia ku munyororo. Tena magonjwa inapita pande zote mbili: mafua yenye kwa mutu ni kitu kidogo inaweza kuua sokomutu, na magonjwa yake inaweza kuingia mu nyumba ya watu.

Na mutu je?

Kuko swali lenye linarudi kila mara watu wa kandokando ya mbuga wanasikia habari kama hizi: munalilia nyama, na sisi nani anatulilia? Swali hilo haliko la kuchekelewa. Vita imefukuza watu mu mashamba. Wabatwa walitoshwa mu musitu wa Kahuzi-Biega mu miaka ya 1970, na mpaka leo hiyo kidonda haijapona. Mwenye anaingia mu musitu na mutego, mara mingi nyumbani kwake sufuria iko wazi.

Lakini ile elimu juu ya roho ya wanyama haitoshe mutu ku nafasi yake. Inaonyesha kama kile kinavunja mutoto wa sokomutu, risasi, kupotewa na mama, kukosa kifua cha kulalia, ni kile kile kinavunja watoto mu kambi za wakimbizi. Na dawa inafanana: mutu mumoja mwenye anabaki, mwenye haondoke. Na watu wenye wanatega juu ya njaa, kuwafunga peke yake hakutajaza sufuria.

Ukikutana na mutoto wa sokomutu

Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 mwezi wa 2, 2014, juu ya ulinzi wa maumbile, inalinda hawa wanyama. Kuwakamata, kuwaua, kuwauzisha ni kosa.

Usinunue, hata kwa huruma. Usimubebe juu ya kupiga foto. Julisha ICCN, ama mukubwa wa serikali mwenye iko karibu, mbio: mutoto mwenye hana mama hana siku mingi. Kwa Kivu ya Kusini, kuko kituo cha Lwiro, mu teritware ya Kabare, chenye kilianzishwa mu 2002 na ICCN pamoja na kituo cha uchunguzi cha pale. Leo kinalea masokomutu zaidi ya 100. Kila mumoja wao alikuwa na mama. Na wengi walifika namna moja: na kamba, na woga, na mukono wenye unatafuta kidole cha kushika.