Peng Dehuai: Mashali aliyeponzwa na barua ya ukweli

MNAMO Juni 27, 2024, Chama cha Kikomunisti cha Uchina kilitangaza kuwafukuza chamani wanajeshi wawili waliowahi kuwa mawaziri wa ulinzi, Jenerali Wei Fenghe na Jenerali Li Shangfu, kwa madai ya kupokea hongo.

Kwa wanaoifahamu historia ya taifa hilo, kuanguka kwa kigogo wa kijeshi si jambo geni. Waziri wa kwanza wa ulinzi katika Jamhuri ya Watu wa Uchina, Mashali Peng Dehuai, alivuliwa wadhifa huo mwaka 1959. Tofauti ni kwamba yeye hakutuhumiwa kula hongo. Kosa lake lilikuwa kumwandikia kiongozi wake barua.

Peng alizaliwa Oktoba 1898 katika wilaya ya Xiangtan, mkoani Hunan, wilaya ile ile alikozaliwa Mao Zedong. Hata hivyo, Mao alitoka katika familia ya mkulima aliyejiweza, ilhali Peng alikulia katika ufukara. Mama yake alifariki angali mdogo, na ndugu yake mchanga akafa kwa njaa. Akiwa mtoto, aliacha masomo, akachunga ng'ombe na kufanya kazi katika mgodi wa makaa ya mawe. Wasifu huo ni muhimu, kwani mtu aliyeonja njaa huitambua haraka aionapo kwa wengine.

Mwaka 1916 alijiunga na jeshi la mkoa wa Hunan kama askari wa kawaida, akapanda vyeo hadi kuongoza kikosi. Mwaka 1928 alijiunga na Chama cha Kikomunisti, na Julai mwaka huo akaongoza askari wake katika uasi wa Pingjiang. Tangu hapo alikuwa miongoni mwa makamanda wakuu wa Mao. Alishiriki Safari Ndefu ya mwaka 1934 hadi 1935, akawa naibu kamanda wa Jeshi la Nane la Njia katika vita dhidi ya Wajapani, na mwaka 1947 akaongoza ulinzi wa kaskazini magharibi dhidi ya majeshi ya Chiang Kai-shek yaliyomzidi kwa idadi mara nyingi.

Sifa zake zilivuka mipaka mwaka 1950. Wakati Mao alipoamua kuisaidia Korea Kaskazini dhidi ya majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliyoongozwa na Marekani, Lin Biao alijitenga na jukumu hilo kwa sababu za kiafya. Peng akaitwa Beijing, na Oktoba 19 wanajeshi wake wakaanza kuvuka mto Yalu. Waliwarudisha maadui hadi kusini mwa Seoul kabla ya vita kukwama katikati ya rasi hiyo. Mkataba wa kusitisha mapigano ulipotiwa saini Julai 1953, jina la Peng lilikuwa miongoni mwa yaliyoandikwa kwenye waraka huo.

Gharama ilikuwa kubwa. Kwa hesabu rasmi ya Uchina, zaidi ya wanajeshi wake 197,000 walifariki. Mmoja wao alikuwa Mao Anying, mwanawe Mao, aliyeuawa Novemba 25, 1950 katika shambulio la ndege kwenye makao makuu ya Peng mwenyewe.

Mwaka 1954 Peng aliteuliwa Waziri wa Ulinzi. Mwaka uliofuata, makamanda kumi walitunukiwa cheo cha mashali, kilicho juu ya jenerali. Peng aliorodheshwa wa pili, nyuma ya Zhu De pekee.

Mashaka yake yalianza na mpango wa Kupiga Hatua Kubwa Mbele uliozinduliwa mwaka 1958. Mao alitaka Uchina iyafikie mataifa ya viwanda kwa miaka michache. Wakulima waliunganishwa katika jumuiya kubwa za ujima, na vijiji vikaamrishwa kuyeyusha chuma katika tanuri za udongo. Lengo lilikuwa kuzalisha tani milioni 10.7 za chuma cha pua mwaka huo, maradufu ya mwaka 1957.

Mwishoni mwa 1958 Peng alizuru vijijini, ukiwemo mkoa wake wa Hunan. Aliona masufuria yamevunjwa ili yayeyushwe, miti ya matunda imekatwa kuwa kuni, na mazao yakiozea shambani kwa kukosa wavunaji. Huko Pingjiang aligundua kuwa takwimu zilikuwa zimegeuzwa: mavuno mazuri ya mwaka 1957 yaliandikwa kuwa ya 1958, nayo mabaya ya 1958 yakaandikwa kuwa ya mwaka uliotangulia.

Kiini cha mkasa kilikuwa hapo. Maafisa wa chini walitia chumvi ripoti zao ili wawafurahishe wakubwa. Serikali ilitoza nafaka kulingana na mavuno hayo ya karatasini, na mkulima akaachwa mikono mitupu.

Julai 1959, viongozi wa Chama walipokutana katika mji wa mlimani wa Lushan, Peng alimwandikia Mao barua ya faragha, ya tarehe 14. Alianza kwa kusifu mafanikio, kisha akataja hasara za tanuri, tabia ya kutia chumvi na pupa ya viongozi. Hakudai Mao ajiuzulu. Mao aliamuru barua hiyo ichapishwe na kugawiwa wajumbe wote, na Julai 23 akaishambulia hadharani. Alionya kwamba jeshi lisipomfuata, angerudi vijijini kuunda jeshi jingine.

Kwa nini shujaa wa vita hakuwa na kinga? Jibu limo katika muundo wa mamlaka ya Uchina. Jeshi la Ukombozi wa Umma ni la Chama, si la serikali. Amri hutoka kwa Kamati Kuu ya Kijeshi inayoongozwa na mkuu wa Chama. Waziri wa Ulinzi, hata akiwa mashali, hana jeshi lake binafsi. Ana imani ya kiongozi tu, na ikitoweka hubaki bila chochote. Aidha, Peng alikuwa amerejea Juni kutoka ziara ya Ulaya Mashariki alikokutana na Nikita Khrushchev, na hilo likachochea shuku kwamba alikuwa na njama na Wasovieti. Wenzake wa vitani walikaa kimya au wakajiunga na wanaomlaani.

Septemba mwaka huo nafasi yake ilitwaliwa na Lin Biao, yule yule aliyejitenga na vita vya Korea.

Aliyelipa zaidi, hata hivyo, alikuwa mwananchi. Baada ya Lushan, wote walioshukiwa kuwa na mawazo ya Peng waliandamwa, na hakuna aliyethubutu kusema maghala ni matupu. Mwaka 1960 njaa ilifikia kilele. Watafiti hukadiria kuwa kati ya watu milioni 15 na milioni 45 walifariki katika janga hilo.

Peng alihamishiwa viungani mwa Beijing, akawa akilima bustani. Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza mwaka 1966, Walinzi Wekundu walimkamata mkoani Sichuan. Alipigwa hadi akavunjwa mbavu, akadhalilishwa mbele ya umati na kufungwa. Alifariki kwa saratani Novemba 29, 1974. Majivu yake yalipelekwa Chengdu kwa siri, chini ya jina la bandia.

Lin Biao naye hakusalimika. Alifariki Septemba 1971 ndege yake ilipoanguka nchini Mongolia akitoroka.

Mao alifariki mwaka 1976. Desemba 1978 Chama kilimsafisha Peng, na Deng Xiaoping akasoma risala ya kumbukumbu yake. Mwaka 1981, katika azimio rasmi kuhusu historia yake, Chama kilikiri kwamba kumshutumu Peng kule Lushan kulikuwa kosa kabisa.

Kweli ilikuwa imechukua miaka 22 kukubaliwa. Wahenga walisema kweli ni chungu, lakini kwa wakulima wa Uchina kilichoua ni uwongo uliokuwa mtamu masikioni mwa wakubwa.