Butaro: Hospitali iliyovishwa mawe ya shambani

Anayevuka mpaka wa Cyanika kutoka Kisoro kuingia Rwanda huuona mlima Muhabura mkono wake wa kulia, na kandokando ya mashamba ya viazi huona marundo ya mawe meusi yenye vitundu. Ni mawe ya volkano. Wakulima wa wilaya ya Burera, kama wenzao wa Kisoro, huyang'oa kila msimu wa kulima na kuyarundika pembeni ili jembe lipite. Kwa miaka mingi yalikuwa kero tu, hayakuwa na bei.

Malori ya saruji na mabati yamepita hapo miaka nenda rudi. Lakini juu ya kilima cha Butaro, katika wilaya hiyo hiyo ya Burera, kero hiyo ndiyo iliyovishwa kuta za hospitali ya wilaya iliyofunguliwa Januari 2011. Kwa mfanyabiashara anayeishi kwa kuvusha vifaa vya ujenzi, hospitali hii inafaa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu inaonyesha ni bidhaa gani mradi wa afya hununua kutoka mbali na ni ipi huiokota mlangoni.

Hospitali ilijengwa na Wizara ya Afya ya Rwanda pamoja na shirika la Partners In Health, na ramani ikachorwa na MASS Design Group ya Marekani. Kabla ya hapo Burera, yenye wakazi zaidi ya 340,000, haikuwa na hospitali ya wilaya. Wachoraji walianza na swali la hewa. Mwaka 2006 dunia ilisikia habari za Tugela Ferry, Afrika Kusini, ambako wagonjwa 52 kati ya 53 wenye kifua kikuu sugu walifariki, na wengi waliaminika kuambukizana humo humo hospitalini. Kwa hiyo Butaro korido zilitolewa nje zikawa baraza, madirisha yakawa makubwa, feni pana zikatundikwa juu, na taa za kuua vijidudu zikawekwa karibu na dari.

Ukuta wa nje ulipaswa kuendana na hayo: udumu, usidai rangi kila mwaka, usioze kwa mvua za milimani. Paneli za kuagiza zingeweza kufanya kazi hiyo, lakini zingebeba gharama ya meli, lori, ushuru na foleni. Jiwe lilikuwa shambani. Mafundi wa hapo walijifunza kulichonga na kulipanga mawe yakaribiane hata saruji isionekane kirahisi. Msingi ulichimbwa kwa mikono badala ya tingatinga, na wakazi wapatao 4,000 walipata kazi kwa nyakati mbalimbali. Fedha ambayo ingelipia mafuta ya mtambo iliishia sokoni Butaro, kwenye sabuni, chumvi na karo za watoto, na huko nako wachuuzi wa mpakani wana meza zao.

Paa ni habari nyingine. Jiwe haliezeki, na hapo ndipo mvushaji wa mabati anaporudi mchezoni. Ujenzi haukuishia 2011: kituo cha saratani kilifunguliwa Julai 2012, na mwaka uliofuata likaongezwa jengo la wagonjwa wa saratani wasiolazwa, wakati wodi za jirani zikiwa zimejaa. Kuezeka katika eneo la namna hiyo hakufanani na kuezeka duka jipya barabarani.

Kwanza, hakuna mahali pa kurundika mzigo. Lango la lori mara nyingi ndilo la gari la wagonjwa, hivyo msimamizi hutaka bati lifike kwa mafungu, kwa saa aliyoitaja. Anayezoea kushusha lori zima alfajiri na kuondoka atagombana na mlinzi. Pili, kukata bati kwa mashine ya diski karibu na wodi ni kelele na cheche, na cheche hizo huunguza zinki hata kutu ikaanzia ukingoni. Kwa hiyo anayepokea oda ya bati lililokatwa kiwandani kwa urefu unaotakiwa humtangulia mwenye stoo ya bati za mita tatu peke yake. Tatu ni unene. Geji 32 inauzika kijijini kwa sababu ya bei, ila kwenye hospitali usitarajie ipokelewe. Fundi mwenye kipimo mfukoni hutambua tofauti hapo hapo.

Hasara inayouma zaidi hutokea kwenye foleni. Bati za mabati zilizobanana zikiingia maji katikati, huota kutu nyeupe ndani ya siku chache. Turubai lililotoboka na mvua ya Aprili hapo Cyanika vinatosha. Forodha itapitisha mzigo huo, karatasi zote zikiwa sawa, kisha fundi mkuu aukatae. Mwenye mzigo hubaki na bati ambazo serikali mbili zimeziona halali na mteja hazitaki.

Karatasi nazo zina uzito wake. Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huhitaji cheti cha uasilia ili isitozwe ushuru wa forodha. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, wenye bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, kuna cheti rahisi kinachotolewa mpakani. Na hata hivyo barabara inaweza kukatika. Mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa tena Januari 31, 2022. Mradi uliotegemea mzigo wa upande wa pili ulilazimika kutafuta njia nyingine.

Wanaoshawishika na paneli za kung'aa kutoka ng'ambo wana mfano wa Liverpool, Uingereza. Hospitali mpya ya Royal Liverpool ilijengwa ubavuni mwa ile ya zamani iliyokuwa ikihudumia wagonjwa. Ilitakiwa kufunguliwa 2017. Mkandarasi, Carillion, alifilisika Januari 2018, na ukaguzi ukaonyesha mbali na nyufa kwenye nguzo za mlalo kwamba vifuniko vya kuta havikukidhi masharti ya moto. Vilibanduliwa na kubadilishwa. Wagonjwa walihamia Oktoba 2022. Anayeuza paneli bila hati ya kipimo cha moto ajue kwamba kwenye hospitali swali hilo litaulizwa, kama si leo basi siku ya ukaguzi.

Upande wa Kisoro, chini ya Muhabura ule ule, marundo ya mawe meusi bado yako pembeni mwa mashamba.