Zege Ghafi na Uchoraji Dhahania: Suala la Istilahi na Ushahidi wa Kuta za Udongo

1.0 Utangulizi
Makala haya yanafafanua uhusiano baina ya uchoraji dhahania na mtindo wa usanifu majengo uitwao ubrutali. Yanadai kwamba jina hilo, likifasiriwa kwa pupa kuwa "ukatili", humpotosha msomaji, na kwamba ufundi wa ujenzi unaofahamika Ushetu, mkoani Shinyanga, unaweza kuiweka wazi dhana inayohusika.

2.0 Chimbuko la istilahi
Asili ya neno ni Kifaransa brut, yaani ghafi. Katika jengo la makazi la Marseille, lililokamilika mwaka 1952, Le Corbusier aliliacha zege bila lipu, hata alama za mbao zilizolishikilia zikabaki wazi. Mhakiki Reyner Banham aliujadili mtindo huo katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1955. Kiini chake, basi, si ukali bali ni kutoificha mali iliyojengea. Kwa hiyo "usanifu wa zege ghafi" ni istilahi inayofaa zaidi.

3.0 Kutoka ukutani hadi turubaini
Mchoraji dhahania anayeathiriwa na majengo ya aina hiyo hanakili jengo. Huchukua sifa zake: uzito, kivuli, mrudio wa maumbo na ukwaru wa uso. Athari hiyo yaweza pia kwenda kinyume. Huko Peterlee, Uingereza, mchoraji dhahania Victor Pasmore alisanifu banda la zege lililokamilika mwaka 1969, akachora maumbo juu ya kuta zake. Kwa Tanzania, mfano wa kutazamwa ni Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Paa lake la zege, lenye maumbo ya miavuli yanayojirudia, lingeweza kusomwa kama mchoro hata kabla ya kuguswa na brashi. Soko hilo liliungua mwaka 2021.

4.0 Ushahidi wa kuta za udongo
Ukuta uliokandikwa kwa udongo huhifadhi alama za vidole vya mkandikaji, kama zege ghafi linavyohifadhi alama za mbao. Kanuni ni ile ile: kazi ya mkono haifichwi. Isitoshe, miongoni mwa Wasukuma, ukuta ulipata pia kuwa uwanja wa uchoraji. Hans Cory alichapisha mwaka 1953 utafiti kuhusu michoro ya ukutani ya Bayeye, chama cha wacheza nyoka.
Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Michoro hiyo haiwi dhahania kwa sababu tu mgeni haielewi. Maana yake ilifahamika kwa waliofundwa. Kuiita dhahania ni kuwavua wenyewe elimu yao.

5.0 Hitimisho
Ukuta wa udongo hauishi sana: mvua huubomoa, na mwenye uwezo hujenga upya kwa saruji na kupiga lipu. Unapotoweka, hupotea pia msamiati wa mafundi wake. Watafiti wa istilahi wangefanya vyema kuwaendea mafundi hao kabla ya kuziendea kamusi za kigeni.