Je, Wajua? Wimbo wa Soseji Ulirekodiwa Chooni

Bingwa wa kugeuza nyimbo za watu kuwa vichekesho, Mmarekani "Weird Al" Yankovic, alirekodi kibao chake cha mwanzo chooni! Mwaka 1979, akiwa mwanafunzi wa usanifu majengo huko California, alibeba kodiani yake hadi choo kilichokuwa mkabala na redio ya chuo, maana vigae vyake vilitoa mwangwi mzuri. Humo wimbo "My Sharona" wa bendi ya The Knack ukageuka kuwa "My Bologna", sifa za soseji.

Alijipatia umaarufu kwa "Eat It" ya mwaka 1984, iliyotoka kwenye "Beat It" ya Michael Jackson. Ugomvi wa mitaani umekuwa kero ya mtoto mchagua chakula anayebembelezwa ale. Sikiliza solo ya gitaa: inapanda, inapanda, kisha gitaa linalipuka, puu! Kazi kama hiyo haitoki kwa mwanamuziki wa kubahatisha. Jackson aliufurahia mzaha huo, na "Bad" ilipogeuzwa kuwa "Fat" mwaka 1988, akaruhusu hata seti yake ya stesheni ya treni itumike kwenye video. "Black or White" ndiyo aliyomwomba asiiguse, kwa uzito wa ujumbe wake.

Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba wimbo wa mzaha unaweza kuwa halali hata ukiuzwa. Yankovic bado huomba ruhusa kwanza, jambo la uungwana kabisa. Mwanamuziki Prince alimkatalia kila mara.