DAWA YA FIZI INAYOTOKA KIDOGO KIDOGO: MAELEZO KWA WATUMISHI NA WAKAAZI

Watumishi wa Serikali na wakaazi wote wa Kaloleni, Arusha, wanafahamishwa kuwa fizi kutoka damu wakati wa kupiga mswaki ni dalili ya ugonjwa, wala si jambo la kupuuzwa. Aidha, ugonjwa huu usichanganywe na madoa ya kahawia yaonekanayo katika meno ya watu wengi wa maeneo ya Mlima Meru. Madoa hayo hutokana na wingi wa floridi katika maji.

Chanzo cha ugonjwa wa fizi ni ukoga. Usiposafishwa huganda ukawa ugaga. Fizi huvimba na kuachana na jino, na baina yao hufanyika mfuko wenye vijidudu. Mfupa huliwa taratibu, mara nyingi bila ya maumivu, hata jino likalegea.

Dawa ya kumeza husambaa mwilini mwote, na kiasi kidogo tu hufika katika mfuko huo. Kwa ajili hiyo, mwaka 1979 mtaalamu wa Marekani, Max Goodson, na wenziwe walieleza njia ya kuitia tetrasaiklini ndani ya mfuko wenyewe, ikitoka polepole. Nyuzi za dawa hiyo, zilizoidhinishwa nchini humo mwaka 1994, ziliachwa humo siku 10 kisha zikaondolewa. Baadaye zilifuata doksisaiklini na minosaiklini, zilizotengenezwa ziyeyuke zenyewe.

Hata hivyo, ieleweke kuwa dawa hii ni msaidizi tu. Haiyeyushi ugaga. Kwanza daktari huukwangua, juu na chini ya ufizi. Dawa huongezwa penye mfuko uliobaki na kina, na nafuu inayoongeza ni ndogo. Aliyekwanguliwa vizuri bila ya dawa hiyo amekwisha kupata sehemu kubwa ya tiba.

Kwa hivyo, wananchi wanaonywa wasijinunulie tetrasaiklini, wala wasifungue kapsuli na kupaka unga wake kwenye fizi. Mate huuosha upesi, na matumizi ya ovyo huwafanya vijidudu kuwa sugu. Wajawazito na watoto walio chini ya miaka 8 wajiepushe nayo, kwani hutia rangi meno yanayojengeka.

Mwenye fizi zinazotoka damu au jino linalotikisika afike kituo cha afya kilicho karibu ili aelekezwe kwa daktari wa meno. Wenye kisukari na watumiaji wa tumbaku wasichelewe, kwani hatari kwao ni kubwa zaidi. Mswaki, wa mti au wa dukani, utumike asubuhi na kabla ya kulala.