Mahali pa Kuutazamia Mji Mkongwe wa Zanzibar

Mandhari pana ya mji, yaani sura yake inayoonekana kwa mkupuo mmoja bila kukatizwa, hutegemea mambo matatu: kimo cha mtazamaji, umbali wake na majengo, na upande linakotoka jua. Katika miji ya vilimani kimo hutolewa na ardhi yenyewe, lakini Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, umekaa juu ya rasi bapa, na vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba apitaye chini huona kuta na ukanda mwembamba wa mbingu tu. Anayetaka kuuona wote hana budi ama kutoka nje yake, ama kupanda juu yake.

Pa kwanza ni baharini, kwa sababu mji huu ulijengwa uonekane na wanaoingia kwa vyombo. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 na kuzungushiwa varanda zenye nguzo za chuma, liliipa bandari uso wake. Mnara wa saa uliongezwa mbele yake baada ya makombora ya Waingereza ya Agosti 1896, ukaporomoka pamoja na sehemu ya jumba mwezi Desemba 2020, hivyo picha za zamani hazilingani tena na kinachoonekana. Kwa kuwa ukingo huo wa bandari umeelekea magharibi, asubuhi jua huwa nyuma ya majengo na nyuso zake hubaki kivulini, ilhali alasiri mwanga huziangukia moja kwa moja na kuzidhihirisha nakshi.

Pa pili ni juu ya nyumba. Jicho lililo mita 2 juu ya bahari huona upeo, yaani mstari ambapo maji hukutana na mbingu, kwa umbali wa kilomita 5 hivi; likiinuliwa hadi mita 20, upeo husogea hadi kilomita 16. Hata hivyo, kinachofaa kuitazama bahari si lazima kifae kuutazama mji, kwa maana kila mtazamaji anapozidi kupanda ndivyo minara inavyozama miongoni mwa mapaa. Paa la ghorofa ya tatu au ya nne hutosha: hapo minara pacha ya Kanisa la Mtakatifu Joseph, mnara wa kanisa la Kianglikana la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, na mnara wa msikiti wa Malindi wenye umbo la pia hubaki imechomoza dhidi ya anga, na kwa alama hizo tatu mgeni huweza kujua alipo. Chini ya minara hiyo huonekana mabati yenye kutu, matangi ya maji na kamba za nguo.

Huonekana pia nyua za ndani, ambazo wajenzi walizizungushia kuta ili kuisitiri familia. Basi anayepanda paa na aombe ruhusa kwanza, aelekeze kamera yake kwenye minara na bahari, na nyua za watu aziache na sitara yake.